Jogoo tuliemlea mkononi kaanza kurukia watoto, anarekebishika au achinjwe?

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo:

"Assalamu alaykum daktari. Mie nakaa Pemba, karibu na Chake. Uwani tuna kuku wa kienyeji, majike saba na jogoo mmoja wa miezi kama saba hivi, kaanguliwa hapahapa nyumbani, baba yake ni kuchi wa jirani. Watoto wamemlea kama paka, analishwa mkononi, analala mapajani. Toka mwezi uliopita kageuka. Alianza kudona viatu, sasa anaruka kwa miguu miwili. Juzi kamrukia binti yangu wa miaka sita pale bombani, kamchubua paja, na mtoto hataki tena kutoka nje. Mie ananirukia khasa nikiwa na ndoo, lakini mume wangu hamgusi kabisa. Mama mkwe anasema apigwe kwa kuti mpaka ajue adabu, jirani anasema akatwe miba, mwengine anasema kalishwa pilipili au kuna mtu kamfanyia kitu. Mume wangu anataka achinjwe Ijumaa, watoto wanalia. Niambie kweli, anarekebishika au tunajidanganya?"

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Pole sana, na binti mpe pole yake. Kabla sijaeleza chochote nakuomba kitu kimoja, na usisubiri kumaliza kusoma: jogoo huyo atiwe tenga sasa hivi, au afungiwe pahala ambapo mtoto hapiti, halafu ndo tuzungumze. Nakwambia hivi kwa sababu mtoto wa miaka sita bado mfupi, jogoo mrefu wa damu ya kuchi akiruka vizuri miguu yake inafika usoni, na jicho likishatobolewa hakuna la kufanya tena. Paja kuchubuka, alhamdulillahi, ni nafuu.

Nilivyokufahamu, khofu yako ni mbili. Kwanza unataka kujua kama jogoo huyu kaharibika kwa sababu ya mtu au kazaliwa hivo, pili unataka kujua kama kuna haja ya kumvumilia. Nianze na lile la kufanyiwa kitu maana najua kwetu linavyoingia watu moyoni. Hajafanyiwa kitu. Na pilipili ndo kabisa, kuku hausikii ule ukali kama tunavyousikia sisi, ndege kaumbwa hivo, ile kitu inayotuchoma sisi mdomoni yeye haimgusi, ndo maana utamuona anadona pilipili kichaa mtini moja baada ya moja bila hata kupepesa macho. Ukimpa pilipili umempa chakula tu. Kwa hivyo usigombane na jirani yeyote kwa jambo hili, tafadhali.

Kilichotokea ni umri, pamoja na malezi, pamoja na jinsi mnavyomjibu kila anapojaribu. Hebu nikueleze taratibu kwa sababu ukilifahamu hili utajua mwenyewe kwa nini ushauri mwengine uliopewa utazidisha balaa.

Pora akifika miezi minne, mitano, korodani zake zinaanza kukua kwa kasi. Huzioni kwa sababu za kuku ziko ndani ya tumbo, juu kabisa karibu na mgongo, jirani na mafigo. Zikishakua zinamwaga homoni ya kiume, testosteroni, na hio ndo inayomfanya upanga wa kichwani uwe mwekundu, aanze kuwika, atake kupanda majike, na atake kujua yeye ni nani pale uwani. Kipindi hichi mpaka afike mwaka na zaidi kidogo ndo kipindi kibaya kuliko vyote, ana nguvu za mtu mzima na akili ya kijana. Jogoo wengi wanatulia kidogo wakishapindukia hapo, si wote, lakini wengi.

Sasa kuku hawaishi ovyo kama tunavyodhani. Kila kundi lina mpangilio, huyu anamdona yule na yule anamdona mwengine, kila mmoja anajua cheo chake. Wa kwanza kuliandika jambo hili kitaalamu ni Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, mwanzoni mwa miaka ya 1920, na yeye alianza kuwaangalia kuku tokea yu mtoto, akawa anarikodi nani kamdona nani. Bibi zetu walilijua zamani hili, ila hawakuandika. Kijana wa kiume akipata nguvu ni lazima aulize, mie nakaa wapi katika mpangilio huu? Na haulizi kwa mdomo, anauliza kwa kusogea, kwa kudona, kwa kuruka, kisha anatizama yule mwenzake anafanya nini.

Na hapa ndo pagumu kukwambia kwa sababu watoto wamempenda. Kuku aliekuzwa na mama yake huko nyuma ya nyumba, anamuona binadamu ni kitu kikubwa cha kukipisha njia. Huyu wenu kalala mapajani, kala mkononi, hana hata chembe ya kukuogopeni. Kwake nyinyi ni kuku wenzake, kuku wakubwa wa ajabu ajabu lakini kuku. Alipopata nguvu akaanza kukuulizeni nyinyi lile swali analowauliza kuku. Jike ukimlea hivi hakuna tabu, atakuwa mpole na atakufata mpaka jikoni, lakini dume tabu yake ndo hii. Si kosa la watoto, wambie hivo kwa maneno yako mwenyewe, wasije wakajilaumu. Mie mwenyewe nimeshafanya kosa hili hili, na nilikuwa nishasoma.

Umeuliza kwa nini hamgusi baba. Kuku anatambua watu mmoja mmoja, si kwamba anaona "mtu" tu. Wewe unapita pale mara kumi kwa siku na ndoo inayobembea, na kanga inapepea miguuni, na kwa macho ya jogoo kitu kikubwa kinachopepea kikimjia ni mwenzake kakunjua mabawa anataka ugomvi. Halafu alipokurukia mara ya kwanza naamini ulirudi nyuma, ukapiga kelele kidogo, pengine ukaweka ndoo chini ukakimbia. Hata mie ningefanya hivo. Lakini yeye kaelewa nini? Kaelewa kashinda. Binti akakimbia, kashinda tena, na kila ushindi unamfanya kesho aanze mapema zaidi. Mume wako pengine anatoka asubuhi anarudi magharibi, kavaa suruali, hana ndoo, na hajawahi kumpisha, kwa hivyo swali lake kwa baba limeshajibiwa au hajapata nafasi ya kuliuliza. Usichukulie kwamba anamuheshimu mwanamme na kukudharau wewe, nimesikia watu wakisema hivyo na si kweli, mfanye mume wako ndo awe anachota maji kila siku huku anaruka ruka kumkwepa, ndani ya wiki atamrukia na yeye.

Sasa lile la kuti. Mama mkwe wako namuheshimu na najua kaona jogoo wengi kuliko mie, lakini kumpiga jogoo huyu ni kumjibu kwa lugha ya ugomvi, na ugomvi ndo anaoutafuta. Kama ni kukimbia, umempa ushindi. Kama ni kumpiga, umemwambia "ndio, mie ni jogoo mwenzako, njoo tupigane", na damu ya kuchi haijui kuacha. Kuchi ni kuku wa mapigano asili yake, utamjua kwa miguu mirefu, shingo ndefu, kifua kimesimama na upanga mdogo, wazee walimchagua miaka na miaka yule asierudi nyuma. Huyo ukimpiga kwa kuti leo atakaa pembeni anahema, kesho asubuhi ukifungua banda yuko mlangoni anakusubiri. Zaidi ya hapo unaweza kumvunja mguu au bawa, na mnyama hana dhambi katika hili. Sisi Waislamu tumehadithiwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, katukataza kumtukana jogoo kwa sababu anaamsha kwa ajili ya sala, basi kumpiga kwa hasira si kwenda mbali zaidi?

Kukata miba nako nikueleze. Ule mwiba wa nyuma ya mguu si kama ukucha wote, ndani una mfupa na damu, juu ndo kuna ganda gumu. Ukikata katikati kwa kisu au koleo umekata mfupa ulio hai, atavuja damu nyingi na jeraha linaweza kuoza. Kinachowezekana ni kupunguza ncha tu, kwa tupa au msasa, mpaka iwe butu, na hio mwambie afisa mifugo akuoneshe mara ya kwanza. Kuna watu pia wanachoma mwiba kwa kiazi cha moto mpaka ganda litoke, usifanye, ni kumuunguza bure. Na jogoo wa miezi saba mwiba wake bado mfupi, naona binti kachubuliwa na kucha za mbele zaidi. Kwa hivyo ncha ikiwa butu jeraha litapungua, lakini tabia iko vilevile, usije ukamtoa tenga kwa sababu tu umemsugua msasa.

Na kama kuna mtu atakwambia ahasiwe kama mbuzi, nimeshakueleza korodani ziko wapi, kumhasi jogoo ni kupasua ubavu, ni operesheni kamili. Isijaribiwe nyumbani.

Haya, anarekebishika? Jibu langu la kweli ni kwamba pengine, kwa watu wazima, kiasi cha kuishi nae kwa salama. Kwa mtoto wa miaka sita, hapana, mie sitokupa ahadi hio. Hata akikupisha wewe mwezi mzima, mtoto akipita anakimbia na kanga au na mkate mkononi, yule jogoo anaweza kurudi palepale. Naomba uchukue maamuzi yako yote kwa msingi huo.

Kama mnataka kumjaribu, mimi ningewapa wiki tatu, nne mwisho, na katika wiki hizo mtoto haingii sehemu ya jogoo hata mara moja. Anaefanya ni mtu mzima, na mzuri zaidi ni wewe mwenyewe kwa sababu wewe ndo unaerukiwa. Vaa viatu vya kufunika au mabuti ya mvua, suruali au nguo isiyopepea, na chukua ungo. Ndio, ungo wa kupepetea mchele. Hili nimelitoa kwa bibi yangu kule Wete, si chuoni. Wakati wa karafuu tulikuwa tunaanika uwani kwenye majamvi, na alikuwa na jogoo mmoja mwekundu anakuja kuchakura katikati ya karafuu, na ukimfukuza anakurukia. Sisi watoto tulikuwa tunakimbia kama tumeona nyoka. Bibi alikuwa anashika ungo mbele ya magoti yake na anatembea, basi, taratibu, kama yule jogoo hayupo, jogoo anaruka anagonga ungo, bibi hasimami, hapigi, hasemi kitu, anaendelea kutembea mpaka jogoo mwenyewe anajikuta karudi nyuma hatua kumi. Nilipokuja kusoma tabia za kuku ndo nikajua bibi alikuwa anafanya nini. Alikuwa hakimbii na hapigani. Jogoo hana jibu la mtu wa namna hio, maana katika ugomvi wa jogoo kuna kushinda na kushindwa tu, hakuna kupuuzwa.

Basi fanya hivo hivo. Ingia, tembea kule unakotaka kwenda, na akisimama njiani tembea kumwelekea yeye, hatua ndogo ndogo, mpaka apishe. Usimtie kwenye kona asiyoweza kutoka, muachie njia. Asipopisha simama, usirudi hata hatua moja, ungo mbele, subiri. Wanachelewa siku za mwanzo, unaweza kusimama dakika tano, unahisi mjinga, vumilia. Ataanza kujifanya anadona chini, atageuza ubavu, atakwenda kwa majike. Hapo ndo na wewe endelea na kazi yako. Usimpe mgongo mpaka uko mbali, wengi wao wanaruka kwa nyuma.

Jifunze kuisoma sura yake kabla hajaruka kwa sababu haruki ghafla hata siku moja, watu ndo hawaoni. Anakutizama kwa jicho moja, kichwa kapindisha. Anashusha bawa moja mpaka linaburura chini anakuzunguka kwa ubavu, vile vile anavyolizunguka jike. Anadona chini haraka haraka lakini hali kitu. Manyoya ya shingo yanasimama kama brashi. Ukiona bawa limeshuka ndo wakati wa kumsogelea wewe mwanzo, taratibu, asipate kumaliza lile zunguko lake. Ukisubiri shingo isimame umechelewa, hapo tayari ungo.

Chakula kibadilishe. Asilishwe mkononi tena na mtu yeyote. Rusha pumba, machicha ya nazi, chenga za mchele, mbali na miguu yako, hatua tano sita, aende akale kule na majike wake. Atakuwa anafurahi ukija lakini furaha yake iko mbali na wewe. Na utamuona akipata kitu kizuri anaita "ku ku ku ku" anakidona na kukiachia majike waje wale, hio ni kazi yake ya heshima, muache aifanye, usimuingilie, na majike akiwapanda usiwafukuze kama wako salama.

Kumbeba kwapani watu wanashauri sana. Mie nina wasiwasi na jambo hili. Wapo jogoo wanaotulia ukimkamata usiku kwa upole, akiwa juu ya kijiti hana fujo, ukamshikilia kwapani mabawa yamebanwa mpaka alegee kisha ukamuweka chini. Wapo wengine wanazidi hasira. Kwa huyu ambae tatizo lake ni kuzoea mwili wa binadamu kupita kiasi, nisingeanzia hapo. Ila lazima mjue kumkamata, na ni usiku ndo wakati wake, kukimbizana nae mchana ni kumpa mchezo.

Angalia na mambo mengine yanayomkera. Jike saba kwa jogoo mmoja si mbaya, wengi wanasema nane mpaka kumi, kwa hivyo sioni tatizo hapo. Lakini muinue umuangalie chini ya mabawa na karibu na mkundu, kama ana utitiri hatulii hata angekuwa mpole wa kuzaliwa. Banda likiwa dogo wakabanana pia wanakuwa wakali. Na majike watizame migongo, wakiwa wamenyonyoka manyoya mpaka ngozi inaonekana au wana majeraha kichwani, huyo jogoo anawaumiza na wao, na hapo mie nisingesubiri wiki tatu.

Wiki zikiisha mtajua. Kama bado anashusha bawa kila ukiingia, basi, mmeshafanya haki yake. Sasa mna njia tatu na kila moja ina yake.

Ya kwanza ni kumtenga, uwanja wake wa waya wa kuku pamoja na majike, wa kusimama mtu, wenye mlango unaofungwa kwa juu mtoto asifikie. Ni gharama, lakini ukitaka kuku wasiliwe na kunguru utajenga tu. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa visiwani mwishoni mwa karne ya 19 na mpaka leo wanatumalizia vifaranga. Waya ukiwa na kifuniko unakuwa umeua ndege wawili, jogoo hatoki na kunguru haingii. Usafishaji afanye mtu mzima, na ungo wake.

Ya pili ni kumtoa. Jogoo akihamishwa ua mara nyingi anapoa kwa muda, kule si kwake, kuna wenyewe, jogoo la shamba haliwiki mjini, hili si fumbo tu, ni kweli kabisa. Lakini akishazoea na akiwa hana mkubwa wake pale anaweza kurudia tabia. Kwa hivyo ukimpa mtu au ukimuuza mwambie kweli yake, "huyu anarukia watu, usimpeleke kwenye watoto". Kumficha mnunuzi ni ghushi, na jicho la mtoto wa mwenzio ni kama la wako. Na akija mtu anamtaka kwa sababu kasikia ni mkali, muulize anamtaka wa nini. Wa kupiganisha usimpe, kwa bei yoyote.

Ya tatu ni kisu, na mie sioni aibu kuisema. Mume wako hajakosea kuifikiria. Jogoo wa miezi saba, minane, nyama yake bado laini, na kuchinjwa kwa utulivu kisu kikiwa kikali, bila kumkimbiza uwani mzima mchana mbele ya watoto, ni bora kwake kuliko miaka ya kupigwa makuti na kufungwa kamba mguu. Kama kapewa dawa yoyote karibuni muulizeni alietoa dawa siku ngapi za kusubiri kabla ya kula. Na watoto msiwadanganye kwamba kakimbia. Watakuja kujua, na watakosa kukuaminini kwa jambo kubwa zaidi.

Unaweza pia kukaa bila jogoo. Wengi hawaamini lakini jike anataga vizuri tu bila dume, mayai yanakuwa hayaanguliki, basi. Utakachokosa ni vifaranga na yule mlinzi, maana jogoo mzuri akiona kipanga juu anatoa sauti na majike wote wanaingia chini ya mgomba. Na jike anaweka mbegu ya dume mwilini kwa siku nyingi, hata wiki mbili, kwa hivyo mayai ya siku za mwanzo baada ya jogoo kuondoka bado yanaweza kuanguliwa, ukitaka kuatamisha. Hapa naomba usikilize vizuri: usiatamishe. Ukali huu kwa sehemu yake unarithiwa, mwaka ujao utakuwa na mapora manne ya namna hii badala ya mmoja. Ukitaka mbegu mpya tafuta jogoo mtu mzima, wa mwaka na nusu au miwili, ambae wewe mwenyewe umeingia uwani kwake ukaona anakupisha huku anawaangalia majike wake. Usichukue kipora kizuri cha rangi kwa kubahatisha.

Kuhusu jeraha la binti. Lilitakiwa lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, muda mrefu, na kama halikuoshwa hivo lioshe leo. Usitie unga wa kahawa, usitie mafuta ya taa. Kucha na mwiba wa jogoo vinatoka kwenye samadi, na mchubuko ulioingia ndani unaweza kuleta pepopunda, kwa hivyo chukua kadi yake ya kliniki, angalia chanjo zake zimekamilika, na hata kama zimekamilika mpeleke kituo cha afya wakaitizame, si jambo la aibu kwenda spitali kwa sababu ya kuku. Usingoje kabisa kama pamevimba, pana joto, wekundu unatambaa, panatoka usaha, au mtoto ana homa. Na siku yoyote jogoo akimpata mtu jichoni au usoni, au tundu likiwa dogo lakini limezama karibu na goti, ni spitali muda ule ule. Vivyo hivyo kwa mama mkwe kama ana sukari, jeraha dogo la mguu kwa mwenye sukari si dogo.

Na afisa mifugo muite kama jogoo amebadilika ghafla, si taratibu kama huyu wenu. Jogoo wa miaka mitatu aliekuwa mpole kisha siku mbili kawa mkali, au anainamisha kichwa, shingo inapinda, anaharisha kijani, hakuna tabia pale, kuna ugonjwa, na shingo kupinda na kuharisha kijani ni katika dalili za kideri. Muulizeni sheha kama hamumjui afisa wenu. Akija mwambie na chanjo ya kideri ya matone ya jicho kwa kuku wote, ni ya kurudia kila miezi mitatu, mkichanja mara moja mkaacha ni kama hamjachanja.

Mkija kupata vifaranga tena wacheni watoto wawapende, lakini mapema muwatenganishe madume na majike kwa macho. Wiki ya sita mpaka ya nane utaanza kuona, dume upanga unawahi kuwa mwekundu, miguu minene. Tokea siku hio dume habebwi, halishwi mkononi, yeye ndo anaepisha njia, wala hachokozwi kwa kijiti au kwa mguu maana watoto wa kiume wanapenda mchezo huo na ndo unaofundisha kupigana.

Binti yako usimlazimishe kutoka kwenda uwani. Mpeleke mwenyewe jioni, jogoo akiwa kafungiwa na yeye kaona kwa macho yake kwamba kafungiwa, akusaidie kukusanya mayai. Mwache achague jike mmoja, mpole, huyo awe wake, amlishe mkononi kama alivyokuwa anafanya. Akitaka kurudi ndani mrudishe, kesho tena. Siku atakayoingia peke yake kufata yai, nijulishe, nitafurahi kusikia.